Dunlop na Gurudumu la Hewa

1. Mwiba njiani

Ndugu msomaji, umeondoka Daudi asubuhi kwenda Mbulu mjini. Umepanda baiskeli. Nyuma umefunga gunia la mahindi. Njia ina mawe, na kando yake kuna miti yenye miba. Mara gurudumu la nyuma linakuwa zito. Unashuka. Unabonyeza tairi kwa kidole gumba, na kidole kinazama. Ni pancha.

Mwiba ni mdogo, lakini safari imesimama. Wengine hulaumu njia. Wengine hulaumu tairi. Wachache hujiuliza swali hili: Kwa nini watu walitia hewa ndani ya gurudumu? Mpira mzima usio na hewa haupati pancha. Kwa nini basi tulichagua kitu kinachoweza kutobolewa na mwiba?

Jibu tutalipata katika maisha ya mtu mmoja. Jina lake limeandikwa kwenye matairi mengi duniani. Mtu huyo ni John Boyd Dunlop. Hakuwa fundi wa baiskeli. Alikuwa daktari wa mifugo.

2. Mtoto wa mkulima

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari, 1840, katika kijiji cha Dreghorn, nchi ya Uskoti. Uskoti iko kaskazini ya Uingereza. Wazazi wake walikuwa wakulima. Tangu utoto wake aliishi karibu na ng'ombe na farasi.

Alisoma udaktari wa mifugo katika mji wa Edinburgh. Alifuzu akiwa kijana wa miaka 19 tu. Mwaka 1867 alihamia Ayalandi, kisiwa kilicho jirani na Uskoti. Baadaye alifungua kazi yake katika mji wa Belfast. Alifanya kazi kwa bidii, na kazi ikakua. Ilikuwa miongoni mwa kazi kubwa za udaktari wa mifugo katika Ayalandi.

Wakati ule magari ya mizigo na ya abiria yalivutwa na farasi. Kwa hiyo daktari wa farasi alikuwa mtu wa lazima mjini. Alikuwa kama fundi wa magari wa siku hizi. Dunlop alioa, akapata watoto wawili, wa kike na wa kiume. Hakuwa na shida ya chakula wala mavazi. Angeweza kuendelea hivyo mpaka uzee wake, na leo tusingelijua jina lake.

3. Gurudumu lililotikisa mtoto

Mtoto wa kiume wa Dunlop aliitwa Johnny. Alikuwa na baiskeli ndogo ya magurudumu matatu. Barabara za Belfast zilitandazwa mawe. Magurudumu ya baiskeli wakati ule yalivikwa mpira mzima, mgumu, usio na hewa ndani. Kila jiwe lilimtikisa mtoto mwili mzima. Johnny alimlalamikia baba yake.

Baba wengi wangemwambia mtoto avumilie. Dunlop alianza kufikiri. Mwaka huo ulikuwa 1887. Yeye alikuwa mtu mzima wa miaka 47. Hakusema kwamba umri wa kujifunza umepita.

Alichukua ubao wa mviringo. Akatengeneza bomba la mpira mwembamba, akalizungusha pembeni ya ubao ule. Juu yake akafunika kitambaa cha kitani, akakipigilia misumari kwenye ubao. Kisha akajaza hewa kwa pampu ya kujazia mpira wa miguu.

Baada ya hapo alifanya jaribio rahisi. Hata mtoto angeweza kulielewa. Alichukua gurudumu la zamani la baiskeli ya Johnny, akalisukuma uani. Likabiringika, likachoka, likaanguka. Akachukua gurudumu lake la hewa, akalisukuma vile vile. Lilivuka ua wote, likagonga nguzo ya lango, likarudi nyuma.

Kwa nini lilikwenda mbali zaidi? Gurudumu gumu likikutana na kijiwe, hulazimika kupanda juu yake. Hapo gurudumu lote na mzigo wake huinuliwa, na nguvu hupotea. Gurudumu la hewa hufanya vingine. Likikutana na kijiwe, mpira hubonyea mahali pale tu. Kijiwe kinamezwa, na gurudumu linaendelea. Kwa hiyo hewa ina faida mbili. Hupunguza mtikiso, na huokoa nguvu za mwendeshaji.

Dunlop aliyafunga magurudumu ya hewa nyuma ya baiskeli ya Johnny. Tarehe 28 Februari, 1888, mtoto alipanda kuijaribu. Alifurahi sana.

4. Siku waliocheka waliponyamaza

Tarehe 23 Julai, 1888, Dunlop aliomba hati ya uvumbuzi. Hati hiyo hutolewa na serikali. Humlinda mvumbuzi, ili mtu mwingine asiuze kazi yake bila ruhusa. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule alipewa.

Lakini watu hawakuamini upesi. Matairi ya Dunlop yalikuwa manene kuliko ya kawaida. Wengi waliyaona kuwa kichekesho.

Tarehe 18 Mei, 1889, kulikuwa na mashindano ya baiskeli mjini Belfast. Kijana aliyeitwa Willie Hume alifika na baiskeli yenye matairi ya hewa. Watazamaji walicheka. Hume hakuwa mwendeshaji mwenye sifa kubwa. Mashindano yalikuwa manne. Hume alishinda yote manne. Kicheko kikakoma.

Mfanyabiashara mmoja wa Dublin, Harvey du Cros, alikuwa na watoto waliokuwa washindani wa baiskeli. Yeye aliona mara moja kwamba tairi hili lina biashara. Mwaka 1889 kampuni iliundwa Dublin ili kutengeneza na kuuza matairi ya hewa. Dunlop aliingia katika kampuni hiyo akiwa na hisa zake.

5. Adui aliyeitwa pancha

Sasa tairi la hewa lilikuwa na mbio na raha. Lakini lilikuwa na adui mmoja. Adui huyo ni yule yule anayetusimamisha njiani: pancha.

Tairi la kwanza la Dunlop halikutoka kwenye rimu. Tyubu ilifungwa ndani ya kitambaa kigumu. Kitambaa kiligandishwa kwenye rimu kwa gundi. Juu yake ukagandishwa mpira wa nje. Msumari ukitoboa, mtu alipaswa kubandua vyote, kuziba tundu, kisha kugandisha vyote tena na kungoja gundi ikauke.

Mwaka 1891 mwendesha baiskeli mmoja alipeleka tairi la namna hii katika kiwanda cha mpira cha ndugu Michelin, nchini Ufaransa. Kulibandua na kuliziba kulichukua muda wa saa tatu na zaidi. Gundi iliachwa ikauke usiku kucha. Hata baada ya taabu hiyo, kesho yake tairi halikufika mbali. Édouard Michelin aliona uzuri wa hewa, na pia aliona ubaya wa gundi. Alitengeneza tairi linaloweza kufunguliwa na kufungwa kwa mkono. Mwaka huo huo Charles Terront alitumia matairi hayo akashinda mashindano ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi, mwendo wa kilometa kama 1,200. Njiani alipata pancha. Ilizibwa, akaendelea.

Uingereza nako watu hawakulala. Mwaka 1890 Charles Welch alivumbua tairi lenye waya kwenye kingo zake mbili. Alitengeneza na rimu yenye bonde katikati. Waya haunyooki, kwa hiyo tairi haliruki kutoka kwenye rimu. Lakini ukisukuma ukingo mmoja ndani ya bonde, upande wa pili unapata nafasi ya kutoka. Kampuni ya Dublin ilinunua haki ya uvumbuzi huo. Tazama tairi la baiskeli yako. Bila shaka utaona kingo zenye waya na rimu yenye bonde. Ni kazi ya Welch.

Basi tujifunze jambo hapa. Dunlop alitia hewa. Wengine walitafuta njia ya kuziba pancha. Bila wao tairi la hewa lingebaki kitu cha matajiri na wapenda mashindano. Lilipoweza kufunguliwa na mtu wa kawaida kando ya njia, ndipo likawa letu sote.

6. Hati inayofutwa

Wakati biashara inaanza kukua, Dunlop alipata pigo. Iligundulika kwamba hakuwa mtu wa kwanza. Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alipewa hati ya uvumbuzi kwa gurudumu la hewa mwaka 1845. Thomson aliyafunga magurudumu hayo kwenye magari ya farasi. Yalifanya kazi vizuri. Lakini mpira ulikuwa ghali, na baiskeli kama zetu zilikuwa bado hazijatengenezwa. Watu wakasahau. Thomson alifariki mwaka 1873.

Dunlop hakuiba kazi ya Thomson. Hakuijua. Lakini sheria ni sheria. Hati yake ikawa haina nguvu. Kampuni iliokolewa na haki ilizonunua kwa watu wengine, pamoja na ile ya Welch.

Mwaka 1895 Dunlop alijitoa katika biashara ya matairi. Mwaka uliofuata, 1896, kampuni iliuzwa kwa paundi milioni tatu. Dunlop hakupata utajiri huo mkubwa. Kampuni iliendelea kukua na kutumia jina lake. Yeye aliishi Dublin maisha ya utulivu, akiwa na fungu lake katika duka la nguo.

7. Mpira na machozi

Hatuwezi kueleza habari za tairi bila kueleza mpira ulitoka wapi. Baiskeli zilipozidi, na magari yalipofuata, viwanda vya Ulaya na Marekani vilitaka mpira mwingi. Sehemu kubwa ilitoka katika misitu ya Brazili. Sehemu nyingine ilitoka hapa Afrika.

Kongo, nchi jirani yetu, ilitawaliwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kama mali yake mwenyewe, tangu 1885 hadi 1908. Wanakijiji walilazimishwa kuingia msituni kugema mpira. Walioshindwa kutimiza kipimo walipigwa na kufungwa. Wengi waliuawa. Wengine walikatwa mikono. Dunlop hakuagiza uovu huo. Lakini ni wajibu wetu kukumbuka. Raha ya mwendesha baiskeli wa Ulaya ililipiwa na mwanakijiji wa Afrika ambaye hakuwa na baiskeli.

8. Mwisho wa maisha yake

John Boyd Dunlop alifariki Dublin tarehe 23 Oktoba, 1921. Alikuwa mzee wa miaka 81. Amezikwa katika makaburi ya Deans Grange. Kabla hajafa aliona baiskeli zikienea dunia nzima. Aliona magari na hata ndege zikitumia matairi ya hewa. Yote hayo yalitokana na ua wa nyumba moja na kilio cha mtoto mmoja.

9. Nasi tuzibe pancha

Turudi njiani, pale tulipoiacha baiskeli yetu. Mtu anayejua kuziba pancha hafungwi na mwiba. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1. Teremsha mzigo. Pindua baiskeli, ikae juu ya kiti na usukani.

Hatua ya 2. Tazama valvu kwanza. Jaza hewa kidogo, kisha tia tone la maji au mate kwenye mdomo wa valvu. Ukiona povu, valvu inavuja. Valvu nyingi za baiskeli zetu zina kimpira chembamba ndani. Kikichakaa, badilisha hicho tu. Huna haja ya kufungua tairi.

Hatua ya 3. Kama valvu ni nzima, toa hewa yote. Bonyeza kingo za tairi ziingie katika bonde la rimu. Kisha inua ukingo mmoja kwa vyuma vya kubandulia tairi, au kwa mipini ya vijiko viwili. Usitumie kisu wala bisibisi. Vitakuongezea tundu.

Hatua ya 4. Toa tyubu, ijaze hewa, izamishe katika karai la maji kidogo kidogo. Mahali pa mapovu ndipo penye tundu. Tia alama. Kama huna maji, isogeze tyubu karibu na shavu lako. Utasikia hewa inapuliza.

Hatua ya 5. Tafuta mwiba. Pitisha vidole polepole ndani ya tairi, pande zote. Wengi husahau hatua hii. Huziba vizuri, hurudisha tyubu, na mwiba ule ule huitoboa tena kabla ya kilometa moja.

Hatua ya 6. Kausha tyubu. Isugue kwa msasa mahali pa tundu, eneo kubwa kuliko kiraka. Kama kiraka umekikata kwenye tyubu kuukuu, kikate mviringo, nacho ukisugue.

Hatua ya 7. Paka solusheni nyembamba. Ngoja dakika tano hivi, mpaka isinate kwenye kidole. Mtu mwenye haraka hubandika ikiwa mbichi, na kiraka hubanduka. Solusheni hushika moto upesi. Iweke mbali na moto na watoto, wala usiinuse.

Hatua ya 8. Bandika kiraka, kibonyeze kwa nguvu kuanzia katikati kwenda pembeni. Nyunyizia vumbi la chaki au jivu kavu, ili tyubu isigandamane na tairi.

Hatua ya 9. Jaza tyubu hewa kidogo, irudishe, valvu isimame wima. Rudisha ukingo wa tairi kwa vidole gumba. Hakikisha tyubu haikubanwa. Jaza hewa yote. Kisha funga mzigo wako uende.

Kazi iliyochukua usiku mzima mwaka 1891 wewe umeimaliza kwa muda wa nusu saa. Fundi mzoefu huimaliza upesi zaidi.

Ndugu msomaji, Dunlop alianza na miaka 47, kwa ubao, kitambaa na pampu. Thomson alitangulia, Welch na Michelin walifuata. Hakuna aliyemaliza kazi peke yake. Nawe ukijifunza kuziba pancha, mfundishe jirani yako, mwanamume au mwanamke. Weka msasa, viraka na solusheni katika mfuko mdogo chini ya kiti. Haba na haba hujaza kibaba.

Maneno mapya

Fuzu: maliza masomo na kushinda mtihani.
Gema: kata gome la mti ili utomvu utoke.
Hisa: fungu la mtu katika mali ya kampuni.
Kitani: nguo inayofumwa kwa nyuzi za mmea.
Rimu: chuma cha mviringo kinachoshika tairi.

Maswali

1. Dunlop alikuwa na kazi gani kabla ya kutengeneza matairi?
2. Kwa nini gurudumu la hewa lilikwenda mbali kuliko gurudumu gumu?
3. Tairi la kwanza la Dunlop lilikuwa na ubaya gani?
4. Welch alisaidia nini? Tazama baiskeli iliyo karibu, uwaonyeshe wenzako.
5. Thomson alipata hati mwaka 1845. Dunlop alipata hati mwaka 1888. Ilipita miaka mingapi katikati?
6. Kwa nini hati ya Dunlop ilikosa nguvu? Je, unaona ilikuwa haki? Jadilianeni darasani.
7. Ni hatua gani ya kuziba pancha ambayo watu wengi husahau? Hasara yake ni nini?
8. Andika sentensi tano kueleza siku ulipopata pancha au shida nyingine njiani, na jinsi ulivyojisaidia.